Ramani Iliyoshinda Temeke

Babu,

Toka uondoke, Dar es Salaam nzima haijaona fundi kama mie. Wachoraji wa mjini, wenye meza zao na kalamu za wino, wamesalimu amri. Mjukuu wako aliyeishia darasa la nne kawagaragaza kwa penseli moja na rula iliyovunjika ncha. Cheka tu huko uliko, wewe uliyeniita "injinia wa mabanda ya kuku."

Tulishinda, Babu. Yale mashindano ya ofisi ya mji, ya kuchora nyumba ya mfano, ramani yetu ndiyo iliyochaguliwa. Nyumba imesimama hapa Temeke, bati linang'aa, watu wanakuja kuitazama kama bibi harusi. Na utamu wa mashindano nimeuonja: kila karatasi ilipewa namba, majina yakafichwa. Hakuna aliyeuliza umesoma wapi. Wewe, uliyeishika ramani juu chini ukasema, "Mbona mlango unaning'inia, we mtoto?" umewashinda wavaa tai!

Uchungu wake nao nimeuonja. Namba haina mdomo, haiwezi kujieleza. Waamuzi wanatazama karatasi, hawamjui atakayekaa ndani. Na mchoraji naye anaishia kuchora kwa ajili ya macho yao.

Unakumbuka ulivyopima kwa hatua zako, mie nyuma naandika? Vyumba sita, ukumbi katikati, jiko uani. Kisha ukapiga goti lako: "Baraza hapa mbele, kimo cha goti hili. Nikifa bila baraza, watu watawapa pole wapi? Chooni?" Tukacheka mpaka Bibi akatufokea.

Juzi mwenye nyumba ile kafiwa na mama yake. Wazee walikaa mchangani, jua linawachoma, migongo ukutani. Wakaniuliza, lile baraza alilotusimulia babu yako liko wapi? Nikasema ofisi imelikata. Wakailaani ofisi, nami nikaitikia.

Nitalijenga. Mwenye nyumba kaniruhusu; Jumamosi nachimba msingi, na nitapimia goti langu, maana Bibi anasema tumelingana. Pumzika, mzee wangu. Mungu akulaze pema.

Ila ofisi haikukata kitu, Babu. Ulipokuwa kitandani ukaniuliza, "Baraza lipo?" nikajibu lipo, tena limependeza. Ukatabasamu, ukageukia ukutani. Karatasi ilikuwa imeshapelekwa. Usiku wa kuamkia kuipeleka, niliogopa waamuzi wataiona ni nyumba ya kizamani, nikachukua raba.

Nililifuta mie.