Udongo wa Kihambani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako goti linamsumbua, lakini migomba ya kihambani, shamba hili letu la ukoo, imezaa vizuri.

Unauliza kwa nini nimekutumia gunia tupu la kahawa na masizi ya jikoni kwa ajili ya picha unazochora, ila udongo nimekunyima.

Baba yako akiwa mtoto, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlima kuja huku Mwika, alikuja mama mmoja mchoraji kutoka Njoro, kule chini mjini, akaomba vitu hivyo hivyo. Mama mkwe wangu alimpa gunia na masizi. Udongo akakataa. "Anayetaka udongo wa kihamba cha watu ana lake jambo," akaninong'oneza.

Nami sikumwamini yule mchoraji. Siku ya soko nikashuka Njoro kumchungulia. Juu ya gunia alikuwa amechora jiko letu kwa masizi, na chini amebandika udongo wetu mwekundu.

"Umeuiba!" nikamwambia.

Akacheka, akanionyesha viatu vyake. "Nimeukwangua hapa. Si mvua ilinyesha siku ile?"

Mpaka leo viatu vile navitilia shaka. Lakini yeye angalau alipanda mlima mwenyewe. Wewe unataka udongo upakiwe kwenye basi. Njoo masika. Utakaoganda kwenye viatu vyako, huo ni wako.

Bibi yako