Utepe wa Kilemba cha Kirpal

Southall, London
Jumamosi

Mpendwa dada Time,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini lile goti limetulia na wote hapo Makupa ni wazima. Sisi huku tunapumua tu. Asante kwa simu yako siku ya msiba. Nilishindwa kusema, ndiyo maana leo naandika.

Tangu shemeji yako Kirpal atutoke, siwezi kutulia. Nikikaa, nasimama. Napanga masufuria yaliyokwisha kupangwa. Juzi nilipanda basi mpaka mwisho wa njia, nikarudi na lile lile bila kununua hata kitunguu. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Unakumbuka, tulipokuwa majirani hapo Makupa, ulivyokuwa ukituchungulia uani, mimi nimeshika ncha moja ya kitambaa cha kilemba na yeye ncha nyingine, tukikivuta ili kikunjwe vizuri, nawe ukituuliza kwa kelele kama bado tunagombania nguo? Mikono yangu ingali inaamka saa ile ile.

Kwetu mtu akifa, jamaa husoma kitabu chetu kitakatifu, Guru Granth Sahib, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Tunasoma taratibu, kwa zamu, vichwa tumefunika, katika chumba cha juu. Kikimalizika tunaomba pamoja, watu wanakula, na matanga yanakwisha. Kuweka alama ya tulipofika, nilikata utepe kwenye kilemba chake cha buluu kilichochakaa.

Tulitakiwa kumaliza Jumapili iliyopita. Hatukumaliza. Kila aliyeingia zamu aliukuta utepe nyuma ya pale mwenzake alipoachia. Mwanangu Tejpal, dereva wa basi, alinung'unika kwamba hata basi lake halirudi nyuma namna hii. Mkewe Parminder akamjibu kwamba yeye ndiye anayesinzia na kusoma ukurasa mmoja mara mbili. Mjukuu wangu akasema, kwa Kiingereza chake, labda ni babu anayeurudisha. Wote walicheka. Mimi nilikwenda jikoni.

Dada, si babu. Ni mimi. Kila nilipoingia kufagia, niliusogeza utepe nyuma. Mwishoni mwa kitabu kuna beti za Guru wa tisa, mmoja wa walimu wakuu wa dini yetu, ambazo sisi huzisikia kila msiba. Niliziogopa. Zikishasomwa, watu watavaa viatu vyao waende, na Kirpal atakuwa amekufa kweli.

Jana Parminder alinikuta na utepe mkononi. Nilidhani atamwita mumewe. Alifunga mlango, akaketi karibu nami, akasema kwa upole, Mama, ukurasa huu tumeshausoma, lakini hakuna ubaya tukiusoma tena. Tukausoma pamoja. Kisha akafunua unaofuata, na mwingine, nami sikumzuia. Tuliacha pale beti zile zinapoanzia.

Kesho watu watajaa, tutazisoma, tutapika dengu na chapati. Alama haihitajiki tena, kwa hiyo nimeutia utepe ndani ya bahasha hii. Usinirudishie hata nikikuomba, na najua nitakuomba.

Nisalimie mwanao Munir na watoto wake, na majirani wote wanaomkumbuka Kirpal. Nawe, dada, nishikie ncha hiyo.

Mimi wako,
Surjit Kaur