Alikuwa Akijificha Kikapuni

Jumapili, 2 Machi

Mjukuu wangu amepiga simu, kama kila Jumapili. Miaka tisa. Amezaliwa huko huko ng'ambo, anajua Kifaransa tu. Neno letu analo moja — Bibi. Baba yake alikuwa amfundishe mengine. Sasa mwanangu yuko chini ya udongo wa watu, mwaka wa pili huu.

Kwa hiyo tunaongea kupitia Mwalimu Tai. Mstaafu, kipara, kafundisha Kifaransa miaka thelathini, na tai haivui hata akija kuchukua nguo. Mimi ni dobi, nampigia pasi mashati, yeye ananitafsiria.

Leo mtoto kalia. Kajificha kabatini, kaitwa, hakutoka. Mama yake kamfokea: baba yako hakuwa hivi, baba yako alikuwa mtoto mtulivu! Sasa anauliza — Bibi, ni kweli? Mbona mimi sifanani naye hata kidogo?

Mtulivu! Nilicheka nusura niangushe pasi. Nikamwambia Mwalimu, mwambie hivi: baba yako alikuwa mwizi wa sukari na mwongo mkavu. Nikimtafuta alikuwa akijificha kwenye kikapu changu cha nguo chafu, analala humo na soksi za watu puani. Mwambie yeye ndiye baba yake mtupu.

Nimesema maneno ya kujaza debe. Mwalimu kamimina kijiko. Mtoto akajibu "ah" — sauti ndogo, kama mteja aliyerudishiwa shati lisilo lake.

Hapana. Kuna kitu hapo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimembana Mwalimu Tai, shati lake la bluu mkononi mwangu, bado bichi. Ulimwambia nini mtoto jana? Kajikohoza. Kalegeza tai. Eti, mama, nililainisha kidogo. Eti mtoto ana huzuni. Kumbe kamwambia ndiyo, baba alikuwa mtulivu, na bibi anakupenda sana!

Kichefuchefu! Sijamwambia mtu nampenda maisha yangu yote, hata marehemu mume wangu, na alijua vizuri. Miaka miwili mtu ananipaka asali kwenye mdomo wangu mwenyewe. Huko wananidhania kibibi cha kwenye kalenda, nimekaa na paka mapajani. Na mtoto anabaki na baba wa uongo — baba aliyepigwa pasi mpaka hana hata mkunjo mmoja. Atafananaje na huyo?

Nimemwambia, mashati yako yatatoka hapa yamekunjamana kama uso wako mpaka unifundishe niseme mwenyewe. Kasema, mama, Kifaransa si kufua nguo. Nikamwambia hata kufua hukujui.

Tunaanza Jumatano.

Jumatano, 5 Machi

Sijawahi kuona upuuzi kama huu. Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani, si hili la siku hizi, na nasema upuuzi nikiuona.

Nilimwambia sitaki salamu wala habari za hali ya hewa. Nataka kusema alikuwa akifanya hivi, alikuwa akifanya vile. Kasema hiyo inaitwa imparfait. Yaani, eti, haijakamilika. Jambo lililokuwa likiendelea, au la mazoea, la kila siku, halina siku ya kuanza wala ya kuisha. Basi hiyo hiyo, nikasema.

Namna yake: unachukua neno la "sisi" la leo. Nous cachons, tunaficha. Unakata mkia, ons. Unashona mkia mwingine. Fundi cherehani, shoga yangu tunayegawana naye kibaraza, akadakia akiwa na pini mdomoni: kumbe ni kukata pindo tu! Nikamwambia nyamaza, nasoma mimi.

Halafu ndiyo uchafu wenyewe. Je cachais. Tu cachais. Il cachait. Ils cachaient. Nikamwambia soma. Akasoma. Kashe, kashe, kashe, kashe! Nikamuuliza hizo herufi nyingine za nini? Kasema hazitamkwi, zinaandikwa tu. Zinaandikwa tu! Zimekaa mwisho wa neno kama mashemeji waliokuja kusalimia wakahamia. Nchi nzima inawalisha. Ptu!

La "sisi" na la "ninyi" tu ndiyo yanatoa sauti yao. Na neno lao la "kuwa" halifuati mtu, lina shina lake, étais, était. Kila ukoo una huyo mmoja.

Nikamuuliza, na lililotokea mara moja likaisha? Kasema hilo lina namna nyingine, mama, tutafika. Mfano, kufa. Il est mort.

Nikamwambia hatufiki huko. Hilo nalijua kwa lugha yangu, linanitosha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeunguza kola ya mfamasia. Kola nyeupe! Miaka arobaini na moja ya kazi, sijaunguza kola hata siku nilipopigiwa simu ile ya msiba wa mwanangu. Nilikuwa nasema il mentait, il mentait, alikuwa akidanganya, nikasikia harufu. Nimemwambia mfamasia ukweli. Kacheka! Eti bibi, Kifaransa, kwani unahamia ng'ambo? Kacheka na meno yote nje. Afadhali angenitukana.

Fundi kabadilisha kola, kaigeuza upande wa pili, haionekani. Sikumshukuru. Anajua.

Ijumaa, 7 Machi

Tumegombana juu ya sukari.

Mwalimu kaniandikia il prenait le sucre. Nikamuuliza ndiyo "alikuwa akiiba" hiyo? Kaangalia dari. Akasema hiyo ni "alikuwa akichukua". Unaona! Kalainisha tena! Mtu huyu angepewa simba angemtafsiri kama mnyama mwenye nywele. Nikamwambia kuiba ni kuiba, nipe lenyewe. Kalitoa kama anang'olewa jino: il volait.

Halafu kaniachia ukurasa wa mazoezi. Maneno kumi, niyakate mkia na kuyashona upya. Kuongea, kuficha, kuiba, kudanganya, kutafuta, haya. La saba, frapper. Kupiga. Kaandika mfano kabisa kwa mwandiko wake wa ubaoni, je frappais, nilikuwa nikipiga.

Nikaupindua ukurasa. Sina kazi nalo. Mtoto kauliza habari za baba yake, hakuuliza habari zangu.

Mwalimu kasema, mama, hilo ni jepesi, linafuata kanuni. Nikamwambia chukua mashati yako uende.

Kaacha chapa za viatu vyake sakafuni, nyevu. Mchafu. Nimepiga deki. Nilipoinuka kichwa kikagonga ule waya wa pasi ya zamani, bado unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Pasi yenyewe ilikufa siku nyingi. Waya sijui naweka wa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeyaandika kwenye kadibodi ya shati, kwa herufi kubwa, na chini yake yanavyotamkwa. Manne tu.

Ton papa volait le sucre.
Il mentait.
Il se cachait dans mon panier.
Je le cherchais partout.

Baba yako alikuwa akiiba sukari. Alikuwa akidanganya. Alikuwa akijificha kikapuni mwangu. Nilikuwa nikimtafuta kila mahali.

Nimeyasema mbele ya fundi. Katoa pini mdomoni, akasema, unajua sauti yako inakuwa nyembamba ukisema hilo la mwisho? Nikamwambia ni lugha yao hiyo, ya kubana pua.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu nimemkataza kuja. Kaja hata hivyo, kasimama kibarazani karibu na cherehani, tai imemkaba, kama mzazi siku ya mtihani. Nimemfungia mlango.

Saa tisa simu ikalia. Bibi! Nikamwambia attends, subiri, hilo nilijifunza njiani. Nikashika kadibodi. Nikaishika kwa mikono yote miwili, upumbavu mtupu, mikono iliyobeba mashuka mabichi miaka yote hiyo.

Nikasoma la sukari. Nikasoma la pili. Nikasoma la kikapu — na mtoto akapiga kelele! Kacheka! Kacheka mpaka akakwama, kile kicheko chenye kwikwi ndani. Nakijua kicheko hicho. Kilikuwa kinamfichua kikapuni kila mara. Akaanza kumwaga Kifaransa, sikupata kitu, ila comme moi, comme moi. Hilo nalijua. Kama mimi.

Mama yake kwa mbali akauliza kitu kwa sauti ya kukasirika. Akasirike! Mume kampata kwangu, si dukani.

Nikasoma la nne, la kumtafuta.

Hapo akaacha kucheka. Halafu akauliza, polepole kabisa ili nielewe, kama mtu anavyoongea na mtoto mdogo:

Et tu le frappais?

Nimeelewa: na wewe ulikuwa ukimpiga? Neno la saba. Ukurasa nilioupindua, na limekuja lenyewe mpaka sikioni.

Hakuuliza kwa ubaya. Kauliza kama alivyouliza lile la baba mtulivu. Au kaiona ile alama nyuma ya mguu wa baba yake, atakuwa kaiona, walikuwa wakienda kuogelea. Sijui baba yake alimwambia ni ya nini. Labda alimdanganya. Alikuwa mwongo mkavu, nimesema mwenyewe sasa hivi, kwa Kifaransa.

Sikujibu. Mimi! Niliyemfokea mtu mzima wiki nzima kwa kulainisha. Mama yake akamwita mezani. Akasema après, Bibi, après le repas. Baadaye, baada ya kula. Akakata.

Watu wanakula kwa muda gani huko?

Nimemfungulia Mwalimu. Kaniangalia usoni, na hiyo imenichukiza. Nikamwambia mtoto kauliza nini. Kakaa kwenye kiti cha wateja. Kasema, mama, unaweza kusema hapana. Non. Ni neno fupi. Au useme mara moja tu, nikuandikie hiyo namna ya mara moja.

Nikamwambia toka.

Haikuwa mara moja. Kila alipotoka kikapuni, nilikuwa nimekwisha kuushika waya. Ndiyo maana alikuwa akikaa humo mpaka usingizi unamchukua. Na mimi nilikuwa nikilihadithia jambo hili kama kichekesho, miaka yote, kwa wateja.

Waya nimeutungua kwenye msumari. Uko hapa, karibu na kadibodi. Mwepesi. Nilidhani ni mzito zaidi.

Ukurasa nimeufungua. Je frappais. Kweli linafuata kanuni. Nimelinakili mara tatu chini ya yale manne, na lile le katikati, la "yeye", je le frappais, nilikuwa nikimpiga.

Simu hiyo. Inatetema, inatambaa yenyewe juu ya meza ya pasi.