Jivu Lililokuwa Zito

Mke mwenzangu Akinyi,

Usicheke. Nikuite nini tena, na babu yako alikufa akikuita bibi yake? Hii barua naiandika kwa mkono wangu, kwa hivyo herufi zikipinda usimlaumu mtu.

Unakumbuka likizo ile ulikuja Homa Bay na makopo mawili ya unga wa chuma, mmoja mnene kama mchanga wa ziwani, mwingine laini kama poda. Ulisema unauchanganya na mpira utengeneze nguo ya kukinga watu na miale ya eksirei. Nikakuuliza, chuma si ni chuma, ukubwa wa chembe unautakia nini?

Ukanijibu, "Dani, uzito ni ule ule. Lakini chembe kubwa zinaacha vijia, miale inapita. Ndogo zinaenea, vijia vinazibika."

Ukaongeza kwamba zile laini zina tabia mbaya, zinashikana madonge. Hapo nikakucheka. Nikakuambia hata uji ni hivyo, mvivu wa kukoroga anakunywa madonge. Ulinipigia makofi, mimi niliyeachia shule darasa la tatu.

Halafu ukaenda sokoni, nami nikaona jikoni kopo la vumbi la kijivu. Nikajua ni jivu. Lilikuwa zito, nikasema labda limeingia maji. Nikasugua sufuria zote, zikang'aa mpaka jirani yetu Mama Obera akaja kuuliza siri. Uliporudi ulikaa chini ukalia. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Mtu mzima analilia jivu?"

Asubuhi ukaondoka. Krismasi mbili sijakuona, na simu hushiki.

Bado nauliza: nani anaweka kazi ya chuo jikoni bila kuandika kitu juu ya kopo? Hiyo si akili.

Lakini mwezi uliopita nilianguka, nikaumia nyonga. Nikapelekwa Migori kupigwa picha. Mama Obera ndiye alinishikia mguu usitikisike, kwa sababu wa damu yangu hakukuwa hata mmoja. Wakamvalisha aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia miale, akalalamika inamvunja mabega. Msichana wa mashine akasema kuna watu wanatafuta namna ya kuzitengeneza ziwe nyepesi. Nikamwambia najua, mmoja ni wangu. Akauliza uko wapi. Nikasema uko kazini. Niliona haya kusema sijui.

Nyonga haikuvunjika. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa. Jioni naongea na kuku, nao wanaenda kulala mapema.

Akinyi, nilikosa. Kopo ni bahati mbaya, lakini lile neno nilikosa. Nimeandika mara moja, usingoje nirudie. Kama bado una hasira, kuja nayo. Kasirikia hapa, nikikuona.

Na ule vizuri.

Ni mimi Dani, nyanya yako mzaa baba