Gari Lilikuwa la Kijivu

Jumapili, 1 Juni 2025

Gari la matangazo limepita mtaani kwetu Bagara mchana. Spika mbili juu, sauti mpaka kwenye mifupa. Muvi mpya! Kisa cha kweli! Wauaji wa barabara ya Kondoa! Itaonyeshwa ukumbini karibu na stendi, Idi mosi na Idi pili. Jina lake "Gari Jeupe".

Nilikuwa dukani kwangu nampimia mteja pumba za kuku. Nikapitiliza, debe likafurika, mpaka mteja akanishika mkono.

Jeupe! Gari lilikuwa la kijivu. Nimeliosha mwenyewe uani kwetu enzi zile sijui mara ngapi, Rogath akija nalo nyumbani.

Miaka kumi na miwili sasa. Mume wangu Rogath alikuwa dereva wa mzee mmoja mnunuzi wa madini. Wakavamiwa njiani, mbele ya Bonga. Mzee aliuawa, mlinzi wake akauawa, na Rogath akauawa. Ila Rogath hakukutwa garini. Alikutwa mbali kidogo, ndani ya shamba la mahindi. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Alikuwa anawakimbilia wezi wenzake, walisema. Amewauza mabosi, na wenzake wakamgeuka. Mahakama iliwafunga watatu, na jaji akasema wazi dereva hakuhusika. Nani alisikia? Wakati huo watu walishapata vya kwao vya kuongea. Hope wangu amekua akiitwa mtoto wa dereva aliyeuza watu.

Na sasa wamefanya muvi.

Jumanne, 3 Juni

Hope yuko likizo ya chuo. Nilimsikia chumbani akirudia sauti ileile kwenye simu. Nikamwambia lete. Hakutaka. Lete!

Trela. Kijana mzuri kama mwimbaji anaendesha gari jeupe pe! Eti huyo ndiye Rogath. Rogath alikuwa na pengo la mbele na masikio ya kukaa kando. Kijana anainamia simu, ananong'ona, "Tunatoka sasa hivi." Muziki mzito. Bunduki. Giza.

Basi, wamemmaliza. Mara ya kwanza walimmaliza shambani, hii ya pili ni mbele ya kila mtu mwenye simu.

Hope anasema trela hukatwa hivyo ili watu waje, mama usiamini trela. Anasema hivyo huku analia.

Jumatano, 4 Juni

Wateja wananunua mashudu, macho yako usoni kwangu. Hakuna anayeuliza. Afadhali wangeuliza.

Jioni amepiga Edda, yule dada aliyeitengeneza muvi. Alikuja mwaka jana, nikamkaribisha chai, lakini kuhusu Rogath sikumpa hata neno moja. Leo anasema, mama, njoo uone kabla hujasimuliwa. Kama nimekosea utaniambia usoni.

Nikamkatia simu. Baadaye nikajiuliza, nimekata kwa hasira au kwa woga? Woga.

Ijumaa, 6 Juni

Zuwena jirani, Mama Mudy, kaja dukani na vitunguu vya pilau ya kesho akakaa kuvimenya palepale. Kasema tutaenda Idi pili, wewe, mimi na Hope. Ukilia tutalia. Wakimtukana tutatoka, na mimi nitatoka nikitukana.

Simchoki huyu mwanamke.

Jumapili, 8 Juni

Tumerudi. Nimekula. Nimekula sahani mbili za pilau ya jana, baridi, nimesimama, sikuvua hata koti!

Niandike kwa utaratibu. Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama ukutani. Tulikaa nyuma, ili tukitoka tusionekane. Taa zikazimwa. Mwanzo nilikuwa nahesabu uongo tu. Gari jeupe. Nyumba yetu ya ghorofa — sisi tulipanga chumba na sebule Singe! Mimi mwenyewe nimechezwa na binti mwembamba mwenye kope za kubandika, anakoroga chungu na kope zile. Zuwena alianza kucheka, akanichekesha na mimi. Watu wakageuka. Mke wa marehemu anacheka!

Kisha ikaja ile simu. Rogath wa muvi anainama, ananong'ona, "Tunatoka sasa hivi." Halafu kamera ikaenda upande wa pili wa simu — ni mke. Ni yule wa kope. Rogath anamwambia, "Niwekee chakula, nakuja." Alikuwa ananong'ona kwa sababu mzee kasinzia nyuma!

Nikashika mkono wa Hope. Kwa sababu simu ile ni kweli. Ilisomwa mahakamani, saa na namba yangu. Kwa kweli hakutaja chakula, aliniuliza kama nimefunga banda la kuku, nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto. Hilo halikuwemo. Na lisiwemo, ni langu.

Kisha mawe barabarani. Gari linasimama. Wanaume watatu. Hapo nilifumba macho, nikamwacha Hope aangalie. Nikasikia wezi wakidai mawe, yaani madini ya mzee, kisha sauti ya yule kijana, "Mimi nimepewa roho za watu, sikupewa mawe!" Ukumbi ukalipuka. Makofi! Nikafumbua. Yule kijana anakimbia shambani, anapiga kelele, anawavuta wauaji wamfuate yeye ili mzee na mlinzi wapate kutoka. Hawakupata, kisa hakiwezi kubadilishwa hapo. Lakini alikimbia kwa ajili yao. Sio kuwakimbilia wezi. Watu mia ngapi wameona kwa macho yao — alikimbia kwa ajili yao!

Tukatoka. Mlangoni mzee mmoja nisiyemjua alivua kofia, akasema pole mama. Baada ya miaka kumi na miwili, mtu kanipa pole ya mume wangu, bila kuangalia pembeni.

Hope kasema, "Mama, baba yangu..."

Akanishika mkono mpaka nyumbani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelala kama gogo. Nimeamka jua limeshapanda na kuku wanapiga kelele za njaa. Sikumbuki mara ya mwisho.

Dukani hakukauki watu. Wengine wananunua, wengine wanasimama tu. Shikamoo Mama Hope. Marahaba. Dereva wa bodaboda kapita anapaza sauti, "Sikupewa mawe!" Wenzake wanamwitikia. Wamelifanya salamu!

Mwili mwepesi. Nimefagia duka lote, hata nyuma ya magunia, nikiimba.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Edda mwenyewe. Nikamwambia asante. Nikamwambia na makosa: rangi ya gari, ghorofa, kope. Kacheka sana. Gari la kijivu usiku halionekani kwenye kamera, kasema.

Kisha nikauliza lile la moyoni. Yale maneno aliyosema Rogath kule barabarani, umeyapata wapi? Mmoja wa wale waliofungwa alikuambia? Kuna aliyesikia?

Akasema, "Mama, hakuna aliyesikia. Nilisoma hukumu yote. Jaji anasema hakuna ushahidi wowote dhidi yake. Lakini muvi haiwezi kuonyesha kwamba hakuna ushahidi, mama. Watu lazima waone kitu. Nikamtungia."

Na kukimbia kuwavuta wauaji?

"Na hilo. Nilijiuliza, mtu asiye na hatia angekimbia kwa nini?"

Labda kwa sababu alikuwa anaogopa, nikamwambia. Mtu anaruhusiwa kuogopa.

Akasema, "Ndiyo, mama. Anaruhusiwa."

Sijamkasirikia. Nimejichunguza usiku huu, hasira haipo. Jaji alisema kweli tupu, haikutembea hata mpaka sokoni. Huyu binti kaweka uongo mmoja juu ya ile kweli, imefika kila nyumba. Nafuu ni nafuu. Ila nafikiria Rogath mwenyewe angeyasikia yale maneno. Hakuwa mtu wa kusema hivyo. Angesema, "Jamani, jamani." Angesema hivyo tu.

Hope sijamwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Mauzo mazuri. Baridi. Zuwena kaniletea kashata. Hakuna kingine, na nashukuru kuna siku za namna hii.

Jumamosi, 14 Juni

Naandikia jikoni. Nimewaambia naongeza chai.

Wamekuja bila taarifa — Basil, ndugu yake Rogath, na mama yao, bibi yake Hope, kutoka Bonga. Basil! Huyu ndiye aliyesema msibani mbele za watu kwamba mdogo wake alikuwa amebadilika, alikuwa na siri. Hakuwahi kukanyaga hapa. Kaburi la Rogath liko kwenye shamba lao, udongo mtupu mpaka leo, kwa sababu Basil alisema hatajengea kaburi la mtu wa namna ile. Mimi nikienda kupalilia naenda na jembe langu.

Leo kaingia kavua viatu mlangoni. Akasimama. "Shemeji, nimeona ile muvi. Nimeiona mara mbili." Uso mzima ukalowa. "Nilimkosea ndugu yangu, shemeji. Na wewe. Na huyu mtoto."

Nilikuwa nimetunga hotuba ya siku hii kwa miaka! Nzuri, kali, yenye kila kitu. Yote ikayeyuka. Nikasema, kaa shemeji, kaa. Kilichonitoka kifuani sijui niite nini. Kama kutua gunia ambalo ulishasahau kwamba umelibeba.

Hope akamletea bibi yake kigoda sebuleni, karibu na jiko la mkaa la kuotea baridi. Bibi akamshika kidevu, akamwangalia, akamwambia masikio haya ni ya baba yako. Tukacheka wote, Basil naye, na pua imejaa.

Kisha Basil akatoa simu. Keshazungumza na fundi. Kaburi litajengewa, litawekwa vigae, na jiwe. Kaniletea maandishi niyaone kabla fundi hajaanza kuchonga Jumatatu. Jina. Miaka. Na chini yake, kwa herufi kubwa: MIMI NIMEPEWA ROHO ZA WATU, SIKUPEWA MAWE.

Hope kaweka mkono mdomoni kwa furaha.

Bibi hajui kusoma. Akaomba asomewe. Basil akamsomea, pole pole. Bibi akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno mojamoja.

"Mama Hope. Wewe ndiye mke. Mtoto wangu alisema hivi? Kweli alisema?"

Hakuuliza kwa shaka. Aliuliza kama mtu anayetaka kukabidhiwa kitu, mikono imeshafunguka mapajani.

Wote wakaniangalia. Nikasema, mama, ngoja nikuongezee chai.

Chai ilishachemka zamani, nimepunguza moto mara mbili. Nasikia huko Hope anamwigizia bibi yake ile sehemu ya barabarani, na Basil anamsahihisha. Wanacheka. Sauti ya Hope nyepesi hivi sijawahi kuisikia.

Nimebeba birika. Nimelirudisha chini.

Bibi ananiita. "Mama Hope, acha chai. Njoo uniambie."