Mbao za Paa la Léonce

Bujumbura, Machi 2004

Kaka Massoudi,

Sisi hatujambo. Nimefurahi kusikia kuwa ghala la zamani la mizigo mnalolijenga upya huko Kigoma limepata nguzo, na kwamba fundi mkuu amezisifu mbao za mvule nilizokutumia.

Kaka, mbao zile sikuzinunua. Nilizing'oa kwenye paa la Léonce, jirani yangu aliyekimbia vita. Siku ya Jumanne alirudi na mke wake. Akaniuliza, "Anouar, nani alibomoa nyumba yangu?"

"Mi sijui. Labda wezi."

Nikawakaribisha walale kwangu, naye akanishukuru. Leo nimeshindwa kuendelea kumficha, nikamwambia ukweli.

"Bora angekuwa mutu nisiyemjua," akasema.

Wamehamia ndani ya kuta zao zisizo na paa, na mvua imeanza.

Mdogo wako mwenye aibu,
Anouar