Mguu wa Nafula Usikandwe

Kambini, shamba la kahawa,
Ruiru

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Wekesa. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku tunapumua. Mtoto wetu Barasa anatambaa na kula udongo, na kahawa imeiva mpaka vidole vyetu vimekuwa vyeusi. Kaka Wafula, wewe unayemsomea Mama, usiruke hata mstari mmoja kwa kuona haya.

Barua yenu imenifikia leo. Mmesema dada Nafula amejifungua salama mtoto wa kike, nikapiga vigelegele. Halafu mkasema mguu wake mmoja umevimba, una moto na unauma kwenye shavu la mguu, na kwamba Mama anamkanda asubuhi na jioni kwa samli. Hapo nilikaa chini.

Mama, acha. Nakuomba kwa heshima zote, lakini acha kabla Wafula hajamaliza kusoma. Wekesa amekimbia posta kupeleka simu ya maandishi ya maneno mawili: Usimkande Nafula. Hata hivyo nakujua wewe, maneno mawili hayakutoshi, ndiyo maana naandika.

Najua utasema, "Huyu amekula ugali wa Ruiru, sasa anamfundisha mama yake." Sawa, sema. Kijiji kizima kinaijua mikono yako, na mimi mwenyewe ulinifundisha kukanda. Ndiyo sababu nilipojifungua Barasa na mguu wangu ukavimba vivyo hivyo, sikuwaandikia. Nilidhani samli itautuliza. Nilikuwa nimelala tu ndani, kama desturi yetu, sitoki hata kuota jua. Majirani walisema nimekanyaga kitu kilichozikwa mlangoni na mwenye wivu. Rael, jirani yetu anayetoka huko kwetu Bungoma, alikuwa ameshapasha samli. Wekesa akakataa, akanipandisha kwenye lori la shamba hadi hospitali ya Thika. Nilimtukana njia nzima.

Sista wa wodi alinikuta nikijikanda, akanishika mkono. "Wewe! Wacha huo mguu kabisa! Damu imeganda ndani ya mshipa. Ukisukuma, kipande kitatoka kiende kwa mapafu, na utakufa hapa hapa."

Nilimwona ana kiburi tu. Lakini kwenye kitanda cha pili alilala Wanjiru wa Gitothua, mwenye mguu kama wangu. Mama mkwe wake alikuja kumwona, akaanza kumkanda kwa siri chini ya blanketi, kwa upendo kabisa, huku akimwimbia. Wanjiru akaketi ghafla. "Ngai, kifua," akasema, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Akakohoa, akafa. Yule mama alibaki ameushika mguu, hajui aulaze wapi. Uso wake nauona hata ninapochuma kahawa.

Mimi nilidungwa sindano, mguu ukainuliwa juu ya mito, nikapona. Hadi leo huvimba kidogo jioni, lakini unanibeba. Na tangu hapo sinyamazi. Nikisikia mama amejifungua na mguu mmoja umevimba, naenda kumwonyesha wangu na kumwambia aende hospitali. Akina mama wa kanisa waliniita. "Mama Barasa, mwanamke aliyeokoka haonyeshi watu mguu." Nikawajibu, "Basi fumbeni macho, ila masikio yawe wazi." Nyapara naye alidai nawafundisha wanawake uvivu. Nikamwambia anifukuze, nitasemea barabarani. Hajanifukuza, maana bibi yake ana mimba.

Jumapili nilikuwa hospitalini kumwona Wangari wa Kamenu, aliyeambiwa juzi tu kwamba damu imeganda mguuni mwake. Alikuwa akilia, ati bwana yake atasema ameleta laana nyumbani.

"Si laana, ni damu," nikamwambia. "Niangalie mimi. Si nimesimama?"

Alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza kama iliniuma sana. Nikamwambia ukweli, kwamba iliniuma na niliogopa sana. Nilikaa naye mpaka akanywa uji wote.

Sasa Nafula. Mlazeni kitandani, mkibebe kitanda chenyewe hadi hospitali ya misheni leo hii. Asitembezwe. Mguu uinuliwe juu ya mto, na mtu asiuguse. Atakayesema ni uchawi, mwambieni aniandikie mimi. Nanyi mkinikasirikia, kasirikeni. Afadhali nije nyumbani nikanyimwe chai na watu wote, Nafula akiwa hai, kuliko mnipokee kwa machozi.

Msalimie Baba. Msalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake bado kizima. Msalimie mjomba fundi wa baiskeli, na umwambie mabega yake yanahitajika kwenye upande mmoja wa kitanda.

Mama, najua mikono yako haitatulia ukimwona mwanao anaumia. Basi ipe kazi. Mwoshe huyo mtoto mchanga, mkande yeye, mbebe njia yote mpaka hospitali. Mguu wa mama yake uache, ili akue akimwita mama.

Ni mimi binti yako, niliyesimama kwa miguu yangu yote miwili,

Nekesa